Kikokotoo cha grafu: kipi kimfae mwanafunzi, kipi kimfae mhandisi?

Kila mwezi wa Agosti unapoelekea ukingoni, maduka ya vifaa vya shule mjini Toronto, Kanada, hujaa wazazi walioshika orodha za mahitaji mikononi. Madaftari, kalamu na mikoba hununuliwa bila maswali mengi. Lakini kipo kifaa kimoja kinachowafanya wengi wasimame mbele ya rafu kwa muda mrefu: kikokotoo, au kalkuleta kama wengi wetu tunavyoiita.

Kwenye rafu hiyo moja kipo kikokotoo cha kawaida cha sayansi, kinachouzwa kwa dola zipatazo 20 au 30 za Kanada. Pembeni yake kipo kikokotoo cha grafu chenye skrini pana ya rangi, ambacho bei yake inaweza kufika dola 150, 200 au hata zaidi. Kwa familia iliyohamia kutoka Mombasa, Bukavu au Dar es Salaam, yenye watoto watatu shuleni na kodi ya nyumba ya kulipa, tofauti hiyo si ndogo.

Je, fedha hizo za ziada zinanunua nini hasa? Na kijana anayetaka kuwa mhandisi atapungukiwa na nini akikosa hicho cha bei kubwa?

Katika makala haya tutalinganisha vikokotoo vya grafu vinavyojulikana zaidi, na kueleza kila kimoja kinafanya nini. Lakini tutaona pia kwamba swali la kwanza la kujiuliza halihusu nguvu za mashine. Linahusu mahali ambapo mashine hiyo itaruhusiwa kutumika.

Kutoka majedwali hadi grafu

Wasikilizaji waliosoma Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980 watakikumbuka kitabu chembamba cha majedwali ya hisabati, chenye kurasa za logi, sini, kosini na tanjenti. Mhandisi naye alikuwa na rula maalumu ya kukokotolea, yenye kipande cha katikati kinachoteleza.

Mwaka 1972 kampuni ya Marekani ya Hewlett-Packard, maarufu kwa jina la HP, ilitoa kikokotoo cha HP-35. Hicho kilikuwa kikokotoo cha kwanza cha mkononi kilichoweza kutoa logi na sini kwa kubonyeza kitufe tu. Kiliuzwa kwa dola 395 za Marekani, na katika muda wa miaka michache rula ya kuteleza ikawa kitu cha makumbusho.

Hatua ya pili ilikuwa ya kuchora. Mwaka 1985 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa fx-7000G, kikokotoo cha kwanza kuuzwa duniani chenye uwezo wa kuonyesha grafu kwenye skrini yake. Mwaka 1990 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ikaingia sokoni na TI-81, iliyolenga moja kwa moja madarasa ya shule za sekondari.

Kuchora grafu maana yake nini? Tuseme mwanafunzi amepewa fomula isemayo kuwa y ni sawa na x kwa kipeo cha pili, kutoa 4. Kwa karatasi na penseli atachagua thamani za x moja baada ya nyingine, atafute y ya kila moja, aweke nukta, kisha aziunganishe. Kikokotoo cha grafu hufanya kazi hiyo hiyo kwa sekunde chache. Mchirizi unaojitokeza una umbo la bakuli, nao unakata mstari wa x kwenye hasi 2 na chanya 2. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwa nini mlinganyo huo una majibu mawili.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya chombo hiki darasani. Kinaonyesha umbo la hesabu, na mwanafunzi anaweza kubadilisha namba moja akatazama umbo lote linavyosogea.

Namba au herufi?

Msikilizaji, vikokotoo vya grafu vimegawanyika katika makundi mawili, na anayenunua bila kuijua tofauti hiyo anaweza kupoteza fedha zake.

Kundi la kwanza hufanya hesabu kwa namba tu. Ukikiuliza mteremko wa grafu ya x kwa kipeo cha tatu pale x inapokuwa 2, kitakujibu: 12. Jibu ni sahihi, lakini ni la mahali hapo pamoja tu.

Kundi la pili lina programu ya aljebra ndani yake, na linajulikana kwa herufi tatu, CAS. Ukikiuliza swali hilo hilo, kitakupa kanuni nzima: mara 3 ya x kwa kipeo cha pili. Kinafanya kazi kwa herufi, kama mwalimu anavyofanya ubaoni. Kinaweza kufungua mabano, kutafuta vigawo, kusuluhisha milinganyo yenye herufi nyingi na kutoa majibu ya kalkulasi bila kuyageuza kuwa desimali.

HP-28C ya mwaka 1987 ndiyo iliyoanza kuiweka aljebra ya namna hiyo katika kikokotoo cha mkononi. Jimbo la Ontario lenyewe lina historia katika elimu hii. Katika Chuo Kikuu cha Waterloo, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Toronto, wataalamu Keith Geddes na Gaston Gonnet walianza mwaka 1980 kuunda programu ya kompyuta iitwayo Maple. Programu hiyo inatumika hadi leo katika vyuo vikuu na katika ofisi za wahandisi.

Kwa mwalimu, tofauti ya makundi haya mawili ni nzito. Kikokotoo cha namba kinamsaidia mwanafunzi kulikagua jibu lake. Kikokotoo cha aljebra kinaweza kumwandikia jibu zima.

Vilivyopo sokoni

Sasa tutazame majina yanayoonekana madukani.

TI-84 Plus CE ya Texas Instruments ilitolewa mwaka 2015. Ni kizazi cha TI-83 ya mwaka 1996 na TI-84 Plus ya mwaka 2004, na mpangilio wa vitufe vyake umebadilika kidogo sana tangu enzi hizo. Hiyo ni nguvu yake: walimu wengi wa Amerika Kaskazini wanakijua, vitabu vingi vya kiada vimeandikwa kwa kukifuata, na mwanafunzi akikwama atampata mwenziwe wa kumwelekeza. Skrini yake ina rangi, na betri yake ni ya kuchaji. Udhaifu wake ni kwamba prosesa yake ni ya ukoo wa zamani, na bei yake ni kubwa ukilinganisha na kilichomo ndani. Kinahesabu kwa namba, hakina CAS.

Casio nayo ina fx-9750GIII ya mwaka 2020 na fx-CG50 ya mwaka 2017. Hiyo ya kwanza ina skrini isiyo na rangi na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu zaidi miongoni mwa vikokotoo vya grafu. Hiyo ya pili ina skrini ya rangi na huchora hata maumbo ya pande tatu. Zote mbili hutumia betri nne ndogo za kawaida, zile za AAA. Hilo laweza kuonekana ni jambo dogo kwa mkazi wa Toronto. Lakini kwa ndugu aliyeko mahali ambapo umeme hukatika, betri inayopatikana kwenye kioski cha mtaani ni afadhali kuliko betri ya kuchaji.

TI-Nspire CX II, ya mwaka 2019, ni mashine yenye kasi zaidi. Inahifadhi kazi kwa mafaili na kurasa kama kompyuta ndogo, na mwanafunzi anaweza kuiona fomula, jedwali na grafu kwa pamoja, akibadilisha kimoja vingine vikafuata. Hapa ndipo penye mtego. Mashine hiyo inauzwa kwa sura mbili zinazofanana sana: moja ya kawaida, na nyingine yenye herufi CAS zilizoandikwa mbele yake. Tofauti ya herufi hizo tatu inaweza kuamua kama kijana ataingia nayo kwenye mtihani au ataiacha mlangoni.

HP Prime ilianza kuuzwa mwaka 2013, na toleo lake la pili, la mwaka 2018, liliongezewa kasi na kumbukumbu. Ina skrini ya kugusa na ina CAS. Inapendwa na wahandisi waliozoea vikokotoo vya HP vya zamani, kwa sababu bado inakubali ule mtindo wa kuandika hesabu ambapo namba hutangulia na alama hufuata: unaandika 3, kisha 4, ndipo unabonyeza alama ya kujumlisha. Mtindo huo una asili katika kazi za mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, na faida yake ni kwamba hauhitaji mabano hata katika hesabu ndefu.

Kwa wale wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, nyingi ya mashine hizi sasa hukubali lugha ya Python. TI-84 Plus CE iliipata katika toleo la mwaka 2021. Kikokotoo cha NumWorks, kilichozaliwa Ufaransa mwaka 2017, nacho kinayo.

Mlangoni mwa mtihani

Baada ya sifa hizo zote, tufike kwenye swali lenyewe. Kikokotoo kitatumika wapi?

Historia inaonyesha kwamba sheria za mitihani zimekuwa na nguvu hata juu ya watengenezaji. Mwaka 1995 Texas Instruments ilitoa TI-92, mashine kubwa yenye CAS na yenye vitufe vya herufi vilivyopangwa kama vya kompyuta. Kwa sababu ya vitufe hivyo, mitihani mikubwa ya Marekani iliikataa. Mwaka 1998 kampuni hiyo ikaja na TI-89: uwezo ulikuwa karibu ule ule, lakini vitufe vikarudishwa kuwa vya kikokotoo cha kawaida. Mlango ukafunguka.

Katika jimbo la Ontario hakuna mtihani mmoja wa serikali wa hisabati mwishoni mwa gredi ya 12, kama ulivyo mtihani wa Kidato cha Nne nchini Kenya au wa Kidato cha Sita nchini Tanzania. Mwalimu wa somo ndiye anayetunga mtihani wake. Mtaala wa hisabati wa gredi ya 11 na 12 wa mwaka 2007 unataka wanafunzi watumie teknolojia ya kuchora grafu, na teknolojia hiyo inaweza kuwa kikokotoo au programu ya kompyuta. Shule nyingi zina vikokotoo vya grafu vya kuazimisha wakati wa kipindi. Kwa hiyo kabla ya kununua, mzazi amuulize mwalimu mambo mawili: je, shule inavyo, na je, vitaruhusiwa katika mtihani?

Hali ni tofauti kwa anayesoma mtaala wa kimataifa wa IB, unaofundishwa katika baadhi ya shule za Toronto na pia katika shule kama Aga Khan Academy ya Mombasa na International School of Tanganyika ya Dar es Salaam. Huko kikokotoo cha grafu ni lazima. Lakini kiwe cha namba tu: CAS hairuhusiwi. Mzazi aliyemnunulia mwanawe mashine yenye herufi hizo tatu kwa kudhani kwamba ya bei kubwa zaidi ndiyo bora zaidi, atakuwa amenunua kitu ambacho mtihani huo haukitaki.

Na sasa tumfuate kijana huyo hadi chuo kikuu. Ili kuomba nafasi ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Toronto, mwanafunzi wa Ontario anapaswa kuwa amesoma masomo mawili ya hisabati ya gredi ya 12, likiwemo lile la kalkulasi na vekta. Huenda kwa ajili ya masomo hayo wazazi wake walijibana wakamnunulia kikokotoo cha grafu. Akishaingia Kitivo cha Sayansi Tumizi na Uhandisi, atakuta kwamba katika mitihani mingi kikokotoo hicho hakitakiwi. Kinachoruhusiwa kwa kawaida ni kikokotoo cha sayansi kisichopangiwa programu, cha aina iliyoidhinishwa, kama Casio fx-991 au Sharp EL-520.

Yaani kile cha dola 20 au 30 ndicho kinachoingia. Kile cha dola 200 kinabaki nyumbani.

Sababu si ngumu kuielewa. Mashine yenye kumbukumbu kubwa inaweza kubeba madokezo ya somo zima. Inaweza pia kumfanyia mwanafunzi kile hasa ambacho mtihani unataka kukipima. Na ikiwa wanafunzi wawili wameketi bega kwa bega, mmoja na mashine ya bei kubwa na mwingine na ya bei ndogo, mtahini anataka alama zao zitofautiane kwa maarifa na si kwa mfuko wa mzazi.

Mhandisi na leseni yake

Jambo hili linawagusa kwa karibu wahandisi waliosomea Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Lubumbashi kisha wakahamia Kanada. Wengi wao wamejikuta wakiendesha teksi au wakifanya kazi za ghala huku wakitafuta leseni ya taaluma yao.

Leseni ya uhandisi katika jimbo la Ontario hutolewa na chombo kiitwacho Professional Engineers Ontario. Mwezi Mei mwaka 2023 chombo hicho kiliondoa sharti la mwombaji kuwa na uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, sharti ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kikwazo kwa wageni. Hata hivyo waombaji wenye shahada za nje wanaweza kutakiwa kufanya mitihani ya kuthibitisha elimu yao. Kwa miaka mingi karatasi za mitihani ya kiufundi ya kitaifa, zile zisizoruhusu vitabu, zimekuwa zikimwelekeza mtahiniwa atumie mojawapo ya vikokotoo viwili tu, Casio au Sharp, vya aina iliyoidhinishwa.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Marekani, bodi ya NCEES inayosimamia mitihani ya leseni za wahandisi na wapima ardhi iliweka orodha fupi ya vikokotoo tangu mwaka 2004. Vile vyenye uwezo mkubwa wa kuhifadhi maandishi na kuwasiliana viliwekwa kando. Casio fx-991 imo katika orodha hiyo, pamoja na HP 35s na TI-36X.

Msikilizaji anaweza kuuliza: basi mhandisi anafanyaje kazi zake nzito na kikokotoo kidogo kama hicho? Jibu ni kwamba kikokotoo hicho si kidogo kama kinavyoonekana. Fx-991 inafanya hesabu za namba changamano, zinazohitajika katika umeme. Inafanya hesabu za matriki, inasuluhisha milinganyo, na inakadiria eneo lililo chini ya mchirizi wa grafu. Na kwa kazi halisi ya kusanifu daraja au mtambo wa maji, mhandisi wa leo hutumia programu za kompyuta. Kikokotoo cha mkononi humsaidia kukagua: je, jibu la kompyuta linaelekea kuwa la kweli, au kuna sifuri imeongezeka mahali?

Mashine inapodanganya

Neno hilo la kukagua linatuleta kwa mwana wa Toronto ambaye jina lake halifahamiki sana na watumiaji wa vikokotoo, ingawa kazi yake imo mikononi mwao kila siku.

William Kahan alizaliwa Toronto mwaka 1933, akasoma Chuo Kikuu cha Toronto hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1958, na akafundisha hapo kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Yeye ndiye aliyekuwa mshauri wa kampuni ya HP katika kuhakikisha vikokotoo vyake vinatoa majibu ya kuaminika. HP-34C ya mwaka 1979, yenye kitufe cha kusuluhisha mlinganyo na kitufe cha kutafuta eneo chini ya grafu, ilinufaika na kazi yake. Baadaye aliongoza juhudi za kuweka kanuni ya kimataifa ya jinsi kompyuta zinavyohesabu desimali, iliyopitishwa mwaka 1985, na mwaka 1989 akatunukiwa Tuzo ya Turing.

Katika maelezo yake kuhusu kitufe cha kutafuta eneo, Kahan hakuficha ukweli kwamba mashine inaweza kupotoshwa. Kikokotoo hakiuoni mchirizi wote. Huchukua sampuli za nukta chache, kisha hukisia yaliyo katikati yake.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi aweke kikokotoo chake katika kipimo cha radiani, kisha achore sini ya mara 2 ya pai ya x, huku skrini imepangwa ili kila nukta iwe namba nzima: 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Grafu ya kweli ni wimbi linalopanda na kushuka mara moja katika kila hatua. Lakini kwenye kila namba nzima wimbi hilo huwa liko sifuri. Kikokotoo kitaziweka nukta zote kwenye sifuri, kitaziunganisha, na kitaonyesha mstari ulionyooka kama barabara. Mashine haijakosea hesabu hata moja, na bado picha ni ya uongo.

Mtego mwingine ni wa kipimo cha pembe. Sini ya 30 ni 0.5 ikiwa kikokotoo kimewekwa katika digrii. Kikiwa katika radiani, kitatoa hasi 0.988. Mashine ya dola 20 na ya dola 200 zote zitatoa kosa hilo kwa utiifu ule ule. Anayeweza kuligundua ni mwanafunzi anayejua kwamba sini ya pembe hiyo lazima iwe chanya.

Bila kununua

Kuna habari njema kwa familia zenye kipato kidogo. Grafu zile zile zinaweza kuchorwa bila malipo. Programu ya GeoGebra ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter nchini Austria, na Desmos ilianza mwaka 2011 nchini Marekani. Zote mbili hutumika kwenye kompyuta na kwenye simu ya mkononi, zina skrini kubwa kuliko ya kikokotoo chochote, na wanafunzi huzipenda kwa wepesi wake.

Desmos imewekwa hata ndani ya mtihani wa SAT, unaotumiwa na vyuo vikuu vya Marekani, tangu mtihani huo ulipohamia kwenye kompyuta: mwaka 2023 kwa watahiniwa walio nje ya Marekani, na mwaka 2024 kwa walio ndani. Mwanafunzi wa Toronto au wa Arusha anayeufanya mtihani huo anakikuta kikokotoo cha grafu mbele yake bila kulipa chochote zaidi.

Upungufu wake ni mmoja. Simu hairuhusiwi katika chumba cha mtihani, na pale mtihani unapotaka kikokotoo cha grafu cha mkononi, kama katika IB, programu ya simu haiwezi kuchukua nafasi yake.

Zawadi ya kupeleka nyumbani

Wapo wasikilizaji wetu wa ughaibuni ambao huwapelekea wapwa na wadogo zao vifaa vya masomo. Nia ni njema, lakini hapa pia sheria itangulie. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, huruhusu katika mtihani wa hisabati vikokotoo visivyotoa sauti na visivyopangiwa programu. Uganda nayo, kupitia baraza lake la UNEB, ina sharti kama hilo. Nchini Tanzania, karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Nne imekuwa ikiwataka watahiniwa watumie majedwali, bila kikokotoo chochote, na katika Kidato cha Sita kinachoruhusiwa katika Hisabati ya Juu ni kile kisichopangiwa programu.

Kikokotoo cha grafu hupangiwa programu. Kwa hiyo mjomba aliyeko Toronto akimpelekea mpwa wake wa Kisumu TI-84 Plus CE, amempa chombo kizuri cha kujifunzia nyumbani, lakini hakitamvusha mlango wa mtihani. Kwa sehemu ndogo ya fedha hizo angeweza kupeleka vikokotoo kadhaa vya sayansi vikawafaa wanafunzi kadhaa.

Basi uchaguzi uwe vipi? Mwanafunzi wa IB anunue cha grafu kisicho na CAS, na Casio ya bei nafuu itamfaa sawa na TI ya bei kubwa, ila aangalie mwalimu wake anafundisha kwa kutumia kipi. Mwanafunzi wa shule ya kawaida ya Ontario aulize kwanza kama shule inaazimisha, na ajizoeze kwa programu za bure. Anayeingia chuo cha uhandisi asome sheria za kitivo chake kabla ya kufungua pochi, kwani huenda kile cha sayansi kikamtosha miaka yote minne. Mhandisi anayejiandaa kwa leseni ajizoeze mapema na kikokotoo kile kile atakachoingia nacho, ili vidole vijue njia. Na anayependa hisabati kwa ajili ya hisabati, asiye na mtihani mbele yake, huyo ndiye ambaye HP Prime au TI-Nspire CX II CAS itamlipa gharama yake.

Anayenunua kilichokwishatumika akiwashe kwanza, akague vitufe vyote na skrini, na atazame kama betri inashika chaji. TI-83 Plus iliyotoka mwaka 1999 bado inachora grafu ile ile ya umbo la bakuli, na fomula za darasani hazijabadilika tangu wakati huo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika rafu ya vikokotoo hata kizuri kinaweza kuwa si chako. Sheria ya mtihani ni ukurasa mmoja tu, na kuusoma ni bure.